Redio ya Mfukoni na Betri Mbili



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, wiki hii tumependa kuzungumza na akina mama na watu wote wa nyumbani juu ya chombo kidogo ambacho huenda sasa hivi kimo chini ya mto wa bibi yenu au ndani ya kibeti cha dada yenu, nacho ni redio ya mfukoni. Si mas'ala makubwa ya fikihi, wala si habari ya siasa. Lakini kwa sababu ya chombo hicho tulifikwa na aibu ambayo miaka yetu ya chuoni haikutukinga nayo, na tumeona heri tuiseme kuliko kuificha, huenda ikamfaa mwingine.

Mama yetu mdogo anaishi Umoja, hapa Nairobi, katika ghorofa ya tatu ya jumba moja lililobanana na wenzake. Ni mdogo wake marehemu mama yetu. Sisi tulizaliwa Mombasa, lakini yeye aliolewa huku bara, akakaa Majengo ya Pumwani miaka mingi, na kila likizo ya Agosti tulipandishwa gari la moshi tukaletwa kwake. Ndiye aliyetushika kidole wakati hatujui kupambanua be na te, akatupitisha juu ya herufi moja moja mpaka tukazitambua. Leo ni mjane. Macho yake yameondoka kwa presha ya macho, na anakaa na mjukuu wake, kijana wa kazi ya ulinzi wa usiku katika eneo la viwanda. Kijana hutoka jua likizama, hurudi asubuhi, na mchana hulala kama alalavyo kila mtu aliyekesha.

Sisi twakaa Buruburu. Mtu akivuka barabara ya Outer Ring na kupita soko la Mutindwa, kutoka mlangoni petu hadi mlangoni pake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Msomaji na aukumbuke mwendo huo, maana tutaurudia.

Zamani tulikuwa tukienda kwake kila baada ya siku mbili tatu, tukishasali alasiri. Akisoma alichokihifadhi nasi tukimsikiliza, kisha chai ya tangawizi, kisha habari za jamaa wa pwani, nani kaoa na nani kafiwa. Baadaye shughuli zikaongezeka: darsa za jioni, madrasa ya watoto, nikaha za Jumamosi, na makala haya ambayo mhariri huyataka kabla ya siku yake. Siku mbili zikawa nne, nne zikawa wiki. Nafsi ilipoanza kutusuta, tukaitafutia dawa dukani.

Mwezi wa Shaaban, mwaka juzi, tulishuka mjini hadi barabara ya Luthuli, kwenye maduka ya vyombo vya umeme, tukanunua redio ya mfukoni kwa shilingi 1,200. Ni chombo cha kadiri ya kipande cha sabuni ya kuogea. Kina antena ya kuvuta, kioo kidogo cha tarakimu, tundu la waya wa masikioni na tundu la kadi ya kuhifadhia sauti. Betri yake ni ile bapa ya simu za zamani za Nokia, iitwayo BL-5C, na huchajiwa kwa waya wa simu. Tulimtafutia kadi yenye Qur'ani nzima, sura zote 114, kwa sauti ya msomaji mmoja anayesoma taratibu. Tukampelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa pande zote, akatuombea dua ndefu hata tukaona haya. Usiku ule tulilala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Ili mfahamu kilichomfurahisha, yapasa tuseme redio ilikuwa kitu gani katika nyumba tulizokulia. Redio ilikuwa samani. Ilikaa juu ya kabati, imevikwa kitambaa cha kufuma, na haikuguswa na mtoto. Zile za kale kabisa zilikuwa na taa ndani yake ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo sauti itoke. Kilichoipunguza redio ni transista, iliyobuniwa na wataalamu wa maabara za Bell kule Marekani mwaka 1947. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya mfukoni ya transista ikauzwa huko huko Marekani, na mwaka 1957 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa yake. Mwasisi mmoja wa kampuni hiyo, Akio Morita, alisimulia baadaye kwamba redio ile ilikuwa kubwa kidogo kuliko mfuko wa shati, basi wakawashonea wauzaji wao mashati yenye mifuko mikubwa ili ionekane inaingia. Lau wangekuja pwani yetu wakaona mifuko ya kanzu, wasingepata taabu hiyo. Mwaka huo huo wa 1957 Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza kutangaza kutoka London, na wazee wetu wakapata habari za dunia kwa lugha yao.

Katika nyumba ya Majengo aliyokaa mama mdogo palikuwa na vyumba sita na ukumbi mmoja, na kila chumba na watu wake. Redio ilikuwa moja tu, ya mumewe, iliyokula mawe makubwa sita kwa mara moja. Mawe yakianza kuchoka yalianikwa juani juu ya bati, yakarudishwa, yakafanya kazi siku mbili nyingine. Usiku wa kungojea mwandamo wa mwezi, nyumba zima lilikusanyika ukumbini: wanaume mlangoni, wanawake kwenye majamvi, watoto kati ya magoti. Mtu mmoja akikohoa, wote walimgeukia. Na tangazo likitoka, vigelegele vilianza kwetu vikapokewa nyumba ya pili na ya tatu, mpaka mtaa mzima ukajua kwamba kesho ni Idi.

Siku moja hasa haitutoki. Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, nasi tulikuwa na miaka 12. Idi ilikuwa imepita kama siku kumi, na mama mdogo alikuwa katika funga ya sita. Kambi ya wanahewa ya Eastleigh haiko mbali na Majengo, na asubuhi ile ilitanguliwa na milio ya bunduki. Alituamuru watoto tulale sakafuni. Aliichukua redio kutoka kabatini, akaiweka juu ya mkeka, akaifunika kanga na yeye mwenyewe akaingiza kichwa ndani ya kanga ile. Sauti iliyotoka ni sauti iliyojulikana kila nyumba, ya Leonard Mambo Mbotela, yule wa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", ikisema kwamba serikali imepinduliwa. Baadaye ndipo nchi ilipojua kwamba alichukuliwa na askari waasi akalazimishwa kulisoma tangazo lile. Kabla siku haijaisha, majeshi yaliyobaki katika utii, yakiongozwa na Meja Jenerali Mahamoud Mohamed, yalikikomboa kituo, na Sauti ya Kenya ile ile ikatangaza kwamba serikali ipo palepale.

Jioni, baada ya kufuturu kwa tende na maji, tulimuuliza mama mdogo ni tangazo lipi la kweli, la asubuhi au la jioni. Alisema: "Mwanangu, redio huisikii ila inachosema. Nawe ukiiuliza, haikusikii." Tulicheka kitoto. Ilitupasa tukae na neno hilo miaka arubaini na zaidi ndipo lituingie.

Sasa turudi kwenye redio ya mfukoni. Tulipoona imempendeza mama yetu, tulianza kuwauliza akina mama wa darsa zetu, kuanzia Pumwani hadi Kayole, wao wanaitumiaje. Tulipata mengi, na mengi ya kheri.

Fundi cherehani mmoja wa Majengo hushona mabuibui tangu asubuhi hadi usiku. Waya wa redio hupita chini ya mtandio wake, sikio moja kwa redio na moja kwa wateja. Siku moja alisikia darsa ya mirathi. Mwanachuoni alieleza fungu la binti katika mali ya baba yake, kwamba ni haki aliyoipanga Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Sura ya An-Nisaa na si zawadi ya ndugu wa kiume. Mama huyu aliisimamisha cherehani. Baba yake aliacha nyumba ya kupangisha, na miaka 11 ndugu zake walikuwa wakimpa kidogo kila Idi naye akiwashukuru. Aliwaita wakazungumza. Walipokataa, alikwenda Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010, ibara ya 170, imeipa mamlaka katika ndoa, talaka, mirathi na hali za kibinafsi za Waislamu wanaoridhia kuhukumiwa nayo. Alipata fungu lake. Alituambia: "Sheikh, miaka yote ile nilidhani naomba hisani."

Mjane mmoja wa Kayole alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi na watoto wawili wadogo. Mchana, alisema, watu huja. Usiku ndio mrefu. Aliiweka redio kwenye mto aliokuwa akilalia mumewe, akaifungulia kwa sauti ya chini mpaka usingizi ulipomchukua.

Bibi mmoja wa Shauri Moyo naye nusura aharibu funga. Alikuwa akisikiliza idhaa iliyofuata nyakati za pwani, ikaadhini magharibi, akashika tende. Mjukuu wake wa darasa la sita akamshika mkono: "Nyanya, jua bado liko!" Na kweli lilikuwako. Mombasa iko mashariki ya Nairobi kwa karibu digrii tatu, na kila digrii moja ni dakika 4 za mwendo wa jua, kwa hiyo magharibi ya kule hututangulia kwa dakika 10 hivi, zikizidi au kupungua kwa majira. Akina mama, adhana ya redio ni ya mji inakoadhiniwa. Mwenye kufunga Nairobi na afuate jua la Nairobi.

Hapakukosa malalamiko. Mke mmoja kijana wa Donholm alisema kwamba mumewe hula chakula cha usiku na waya masikioni, akifuatilia mpira wa Uingereza. "Namuuliza kama mchuzi umekolea chumvi, ananijibu 'bao!'" Wenzake walicheka, naye akacheka, kisha akainamisha uso. Redio ya kabatini iliwakusanya watu sita. Hii ya mfukoni huweza kumtenga mmoja na watu sita hali yumo katikati yao.

Kabla ya kufika kwenye letu, tutaje mambo machache ya manufaa tuliyojifunza, kwani wengi hutuuliza.

La kwanza, redio ikikoroma ndani ya nyumba za ghorofa, usiilaumu. Mawimbi ya FM huenda kwa mstari ulionyooka, na kuta za zege na nondo huyadhoofisha. Isogeze dirishani na uivute antena yote. Nyingine hutumia waya wa masikioni kuwa ndiyo antena, hivyo ukiuchomoa, idhaa hupotea. 

La pili, mzee asiyeona vizuri hawezi kusoma vitufe. Weka tone la rangi ya kucha juu ya kitufe cha kuwashia, likikauka atalihisi kwa kidole. Ishonee redio kifuko cha kipande cha kanga chenye kamba ya kuning'iniza shingoni, isianguke. 

La tatu, betri bapa ikianza kuvimba, kifuniko cha nyuma hakifungi. Usiilazimishe na usiendelee kuichaji, kwa maana inaweza kushika moto. Iondoe, nunua nyingine. 

La nne, Mola wetu ametuamuru katika Sura ya Al-A'raf kwamba Qur'ani inaposomwa tuisikilize na tunyamaze. Kadi isiachwe ikisoma usiku kucha katika chumba kisicho na mtu, wala sebuleni watu wakibishana bei ya unga. Na mwenye kwenda chooni na aizime kwanza.

Hayo yote tuliyakusanya kwa bidii, tukayasema kwenye darsa, na watu wakatushukuru. Na katika muda huo huo wa kuwafundisha watu habari ya redio, tulikuwa hatwendi Umoja. Tulijiambia kwamba mama yetu ana Qur'ani nzima nyumbani, ana mawaidha ya Idhaa ya Iqra, ana habari, ana kila kitu. Tulimpigia simu Ijumaa, tukamuuliza, "Redio yaendeleaje?" naye alijibu, "Alhamdulillah." Hatukutambua kwamba swali letu lilikuwa la hali ya redio.

Ilikuwa mwezi wa Safar mwaka jana. Tulikuwa na nikaha Umoja, tukaona si vizuri kupita mlangoni pake. Tulipohesabu ngazini, tulipata siku 17 tangu tumwone. Mjukuu alikuwa amelala. Mama mdogo alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ukuta, na redio iko kifuani ndani ya kifuko chake cha kanga. Ilikuwa kimya. Tulimwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitika, akatutambua kwa sauti, akatafuta mkono wetu.

Tukamuuliza, "Leo husikilizi?"

"Imenyamaza," akasema. "Tangu Jumatano ya wiki ile nyingine."

Tuliifungua. Betri ilikuwa imevimba. Mjukuu alikuwa ameiona, akaahidi kununua nyingine mwisho wa mwezi akilipwa mshahara. Siku 11 redio ilikuwa haisemi, naye aliivaa shingoni vile vile, asubuhi na jioni. Tulimuuliza kwa nini hakutuambia kwenye simu. Alisema, "Uliniuliza kama yaendelea. Nikaona una haraka."

Hatukuwa na la kujibu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo lililotuvunja: "Siku hizi nimekuwa nikijisomea mwenyewe kichwani. Nikifika mahali fulani katika Yasin, nakwama. Narudi mwanzo, nakwama pale pale. Redio ikiwa nzima, hunipita tu. Haijui kama nimekwama. Hainingojei."

Ndugu zetu, sisi tumesoma kwa masheikh, goti kwa goti, jicho kwa mdomo. Twajua kwamba Qur'ani hupokewa hivyo, mwalimu akisoma na mwanafunzi akisikia, kisha mwanafunzi akisoma na mwalimu akisikia. Twajua kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiipitia Qur'ani pamoja na Jibril (a.s.) kila mwaka katika mwezi wa Ramadhani, na mwaka wake wa mwisho aliipitia mara mbili. Hayo tumeyafundisha mimbarini. Na aliyekuwa wa kwanza kuketi nasi akasikiliza makosa yetu ya be na te, akangoja mpaka ulimi ukae sawa, ni mwanamke huyu. Tulimlipa kwa chombo kinachosema na hakisikii, tukaita ni wema.

Tuliketi sakafuni kando ya kitanda, tukamwambia, "Soma, Mama." Alisita, kwa haya ya mzee mbele ya kijana wake. Kisha alianza Yasin, kwa sauti nyembamba, kwa lafudhi ya chuo chetu cha zamani. Alipofika pale alipokwama, alisimama. Tulingoja. Alirudi aya moja nyuma, akaja tena, akasimama tena. Tukampa neno moja tu. Akalipokea, akalirudia mara tatu, akapita, akaenda mpaka mwisho wa sura bila kuhitaji msaada. Adhana ya alasiri ilipolia kutoka msikiti wa jirani, alikuwa akijifuta uso kwa ncha ya kanga. Nikaha ilitungoja zaidi ya nusu saa siku ile, Mwenyezi Mungu awalipe maarusi kwa subira yao.

Kesho yake tulinunua betri mbili, shilingi 300 kila moja, tukampelekea pamoja na chaja mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imelegea. Tulimweleza mjukuu jinsi ya kuzibadilisha, moja ikitumika nyingine ichajiwe, ili redio isinyamaze tena. Tulikuwa tumepanga vizuri. Mama mdogo alisikiliza maelezo yote, kisha akanyoosha mkono, akasema, "Nipe hiyo chaja." Tukampa. Akaipapasa, akaukunja waya wake taratibu, akaturudishia mkononi pamoja na betri moja.

"Nenda nayo, mwanangu," akasema. "Ikikaa hapa hutakuja."

Basi hivyo ndivyo tulivyo hadi leo. Betri moja imo katika redio Umoja, nyingine imo katika mfuko wa kanzu yetu. Betri ikijaa humtosha siku tatu kwa jinsi anavyosikiliza. Siku ya tatu, baada ya alasiri, twavuka barabara, twapita Mutindwa, wakati mwingine twanunua ndizi mbivu au mchicha, twapanda ngazi. Hutoa betri iliyokwisha kwa mkono wake mwenyewe, akapokea iliyojaa. Kisha huizima redio, akasoma, nasi twasikiliza. Mara mbili tumechelewa. Mara zote mbili tulimkuta ameketi na redio kimya, na hakusema neno la lawama, na lau angesema ingekuwa rahisi zaidi kwetu. Siku tukisafiri, mwanetu wa pili huichukua betri akaenda badala yetu, na sasa amekwisha jifunza kwake namna ya kusoma Yasin kwa lafudhi ile ya kale, ambayo sisi tulikuwa tumeshindwa kumfundisha.

Mtume (s.a.w.), walipogombania watu malezi ya binti wa ammi yake Hamza, alimkabidhi kwa mama yake mdogo, akabainisha kwamba mama mdogo ana cheo cha mama. Hadithi hiyo tuliihifadhi tukiwa vijana. Hatukujua kwamba siku moja tutaulizwa juu yake na redio ya shilingi 1,200.

Hatusemi msiwanunulie wazee wenu redio. Wanunulieni, na mtafute nzuri, yenye vitufe vikubwa na sauti safi. Imemfunza fundi wa Majengo haki yake, na imemliwaza mjane wa Kayole usiku wake. Lakini mkishaipeleka, ulizeni ni nani atakayekwenda kumsikiliza mzee naye anaposema. Na wewe uliye na chaja ya mama yako iliyokaa kwake ikikufanyia kazi yako, fikiri kama haifai uichukue.

Ewe Mola, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, wape nuru mioyoni waliopungukiwa na nuru ya macho, na usitujaalie kuwa katika watu wanaosema na hawasikii. Amin.